Halmashauri ya Wilaya ya Pare kabla ya 1972: ilianzaje, ilivunjwaje, na kumbukumbu zake ziko wapi?

Mjukuu wa Usangi ameandika:

Salaam, wanajukwaa. Ninakusanya historia ya ukoo wetu wa Usangi, na miongoni mwa vitu alivyoacha marehemu babu nimekuta bahasha ya stakabadhi za kodi, zilizofungwa kwa uzi na kupangwa mwaka baada ya mwaka. Zile za miaka ya 1950 zina mhuri wa Utawala wa Wenyeji. Za baada ya Uhuru zina mhuri wa Halmashauri ya Wilaya. Katika mojawapo karani ameandika kwa wino wa buluu neno "amebakiza", na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine kabisa, limeongezwa "amemaliza". Stakabadhi ya mwisho ni ya mwaka 1968. Baada ya hapo hakuna hata moja, ingawa babu aliishi miaka mingi zaidi na hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

Hapo ndipo ninapokwama. Nimesoma kwamba halmashauri za vijijini zilivunjwa mwaka 1972. Kama ni hivyo, mbona stakabadhi zinakoma miaka kadhaa kabla? Ninaomba mnisaidie kuelewa halmashauri hii ya Upare ilizaliwaje kutoka kwa machifu, kwa nini ilivunjwa, na kama halmashauri za sasa za Same na Mwanga zinaweza kuhesabiwa kuwa mwendelezo wake. Na kwa yeyote anayejua, mihtasari ya vikao vyake ilikwenda wapi?

Mwalimu wa Historia amejibu:

Ndugu Mjukuu, umefanya vyema kuanzia kwenye mihuri, kwa sababu kila mhuri unasimulia mamlaka iliyokuwa nyuma yake. Nitajibu sehemu ya kwanza ya swali lako, na ninaamini wenzangu watanisaidia kwa zilizobaki.

Mhuri wa kwanza unatokana na Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron. Sheria hiyo iliwaweka machifu kuwa mkono wa serikali ya kikoloni: walikusanya kodi, walihukumu kesi barazani, na walikuwa na hazina yao iliyorudishiwa sehemu ya kodi waliyoikusanya. Hazina hiyo ililipa kwanza machifu wenyewe, makarani na matarishi wao; kilichosalia ndicho kilichokwenda kwenye shule, zahanati na njia za milimani. Mwananchi wa kawaida hakuwa na kura wala kiti. Chifu alikuwa mtoza kodi, hakimu na mlipwaji kwa wakati mmoja, na juu yake alikaa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, ambaye bila idhini yake bajeti haikupita.

Upare una sura yake ya pekee katika historia hii, na sioni namna ya kuielewa halmashauri yenu bila kuipitia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Utawala wa Wenyeji wa Upare ulianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mlipaji, ambayo watu waliijua kwa jina la mbiru. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wananchi waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakataa kuilipa na wakakaa hapo. Hawakukataa kodi zote: kodi ya kawaida, iliyokuwa sawa kwa kila mtu, walikuwa tayari kuitoa. Walichokikataa ni mtu kuja kukadiria mali yao kwa utaratibu ambao hawakushirikishwa kuupanga, tena chini ya machifu ambao hawakuweza kuwawajibisha. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi, kwenu hasa, waliandamana kuunga mkono madai hayo kwa sababu waume zao walikuwa wamekaa mbali na nyumba na mashamba kwa muda mrefu mno. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa, na katika miaka iliyofuata watu wasiokuwa wa koo za kichifu walianza kupewa nafasi katika mabaraza ya wilaya.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba serikali za mitaa tuliletewa na Waingereza kama zawadi ya mwisho kabla ya kuondoka. Upare unashuhudia vingine. Wananchi walidai kusikilizwa kuhusu kodi zaidi ya miaka minane kabla serikali ya kikoloni haijatunga Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953, ile iliyoruhusu mabaraza ya wilaya kuundwa badala ya Utawala wa Wenyeji. Hata sheria hiyo ilitekelezwa polepole na kwa mashaka. Serikali ilipojaribu kuitumia ili kuunda mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, yenye viti vya Wazungu na Waasia katika wilaya ambazo karibu wakazi wote walikuwa Waafrika, upinzani ulizuka; wa Geita mwaka 1958 ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mpango wenyewe ulilegezwa.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa mwaka 1963, mahakama za mabaraza yao zikaingizwa katika mfumo wa Mahakama ya nchi, na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa zikachukua majukumu yaliyobaki: shule za msingi, zahanati, barabara ndogo, masoko na visima. Huo ndio mhuri wako wa pili. Katika ofisi nyingi, hata hivyo, karani aliyeugonga alikuwa ni yule yule aliyegonga wa kwanza.

Karani Mstaafu amejibu:

Mjukuu wangu, swali la stakabadhi kukoma mwaka 1968 nitalijibu mimi, kwa kuwa niliajiriwa na halmashauri ya wilaya jirani katika miaka ile na meza yangu ilikuwa ya mapato.

Babu yako hakuacha kutunza karatasi, hakupewa nyingine. Mwaka 1969 Serikali ilifuta kodi ya mitaa iliyolipwa na kila mtu mzima kwa halmashauri, na pamoja nayo ikafuta ushuru wa mazao uliokatwa kwenye kahawa, pamba na mengineyo. Mahali pake, mwaka huo huo, Serikali Kuu ilianzisha kodi ya mauzo, ambayo mwananchi aliilipa ndani ya bei ya bidhaa bila kupewa kipande cha karatasi chenye jina lake. Kwa hiyo alizidi kulipa kodi, lakini hakuilipa tena kwa halmashauri, na hakuwa na ushahidi wa kuweka kwenye bahasha.

Vijana wengi husoma mwaka 1972 katika vitabu na kudhani kwamba halmashauri ilikuwa nzima mpaka siku ilipovunjwa. Sisi tuliokuwa ndani tuliona vingine. Kodi ya mitaa na ushuru wa mazao ndizo zilizokuwa nguzo mbili za hazina yetu. Vilivyobaki vilikuwa leseni, ada za soko na mnada, na ushuru wa pombe za kienyeji, fedha ambazo zilitosha kulipa walinzi na kununua karatasi. Katika kipindi hicho hicho Serikali Kuu ilichukua gharama za elimu ya msingi, afya na barabara, na kusema kweli ilikuwa ni nafuu, kwa sababu halmashauri nyingi zilikuwa zimeanza kushindwa kulipa walimu kwa wakati. Lakini tazama matokeo: diwani aliyechaguliwa na kata yake alikuja kikaoni bila fedha ya kugawa na bila shule ya kusimamia. Vikao viliendelea, mihtasari iliandikwa na kusomwa, wajumbe waliunga mkono hoja, na hoja haikuwa na fungu. Halmashauri ilikufa mfukoni kabla ya kufa kisheria.

Mwaka 1972 ulipofika, ilibaki kazi ya makabidhiano. Tuliletewa fomu za kuorodhesha mali, na ninakumbuka tulivyopita chumba kwa chumba tukihesabu viti, baiskeli za matarishi, mashine za kupigia chapa na makabati ya chuma. Daftari la mapato nililifunga mimi mwenyewe: nilipiga mstari mwekundu chini ya jumla ya mwisho, nikaweka tarehe 30 Juni, na mkubwa wangu akatia saini kando yake. Kesho yake, tarehe 1 Julai, tuliingia katika ofisi ile ile tukiwa watumishi wa Serikali Kuu. Mali, madeni na wafanyakazi wote vilihamia huko.

Kuhusu yale maneno mawili uliyoyaona, "amebakiza" na "amemaliza", yalikuwa ya kawaida. Mtu alilipa kwa mafungu, hasa kabla ya msimu wa kahawa, na mara nyingi karani aliyepokea fungu la pili hakuwa yule wa kwanza, kwa sababu tulizungushwa vituo. Babu yako alikuwa mwangalifu kuhakikisha kwamba neno la pili limeandikwa juu ya karatasi ile ile. Asiyefanya hivyo aliweza kudaiwa tena.

Mdadisi wa Sera amejibu:

Shikamoo, mzee wangu Karani, na ahsante kwa ushuhuda huu. Ninakubaliana nawe kwamba mapigo yalianza mwaka 1969, ila ninaona ni lazima tueleze pia kwa nini Serikali iliona halmashauri hazifai, kwa sababu ukisoma maelezo yako peke yake unaweza kudhani zilinyimwa chakula bila sababu.

Kwanza, tofauti kati ya wilaya na wilaya ilikuwa kubwa mno. Halmashauri yenye kahawa au pamba ilikuwa na ushuru wa mazao wa kuendesha shule nyingi; halmashauri ya wilaya kame, ambako watu walilima mtama na kufuga, haikuwa na cha kukata. Hata ndani ya Upare penyewe, kata za milimani zenye kahawa na mifereji ya ndiva, yaani mabwawa ya maji ya kumwagilia mashamba, hazikuwa sawa na tambarare za chini upande wa Mkomazi. Kwa nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kujifunga kwa usawa, kuacha mtoto apate shule kwa kutegemea zao linalostawi kwao lilikuwa ni jambo gumu kulitetea. Pili, ukusanyaji wa kodi ya kichwa ulikuwa na maumivu yake. Watu walikamatwa kwa kukosa stakabadhi, na kuifuta kodi ile kulipokewa kwa furaha vijijini. Tatu, wataalamu wa kuandaa mipango na kutunza hesabu walikuwa wachache sana, na halmashauri ndogo hazikuweza kuwapata wala kuwalipa.

Mpango wa mwaka 1972, tulioujua kwa jina la Madaraka Mikoani, ulitolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Mei mwaka huo baada ya ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, na ukapewa nguvu na Sheria Namba 27 ya mwaka 1972. Nia iliyotajwa ilikuwa ni kuwatoa maofisa Dar es Salaam na kuwapeleka karibu na wananchi. Kila mkoa ulipata Mkurugenzi wa Maendeleo, na kila wilaya vivyo hivyo, na badala ya halmashauri likaja Baraza la Maendeleo la Wilaya, ambamo madiwani walikaa pamoja na maofisa.

Hapa ndipo ninapoungana tena na mzee. Baraza hilo halikuwa na uwezo wa kutoza kodi wala wa kutunga sheria ndogo. Lilipendekeza, mapendekezo yakapanda mkoani, kutoka mkoani yakapanda Ofisi ya Waziri Mkuu na Hazina, na fedha zikateremka kwa njia hiyo hiyo. Ofisa alisogea karibu na mwananchi, lakini aliwajibika kwa aliyemteua. Kwa maoni yangu hasara kubwa ilionekana miaka miwili baadaye, wakati wa operesheni za kuhamishia watu vijijini. Maamuzi mazito kuliko yote yaliyowahi kuwagusa wakulima wa Tanzania, ya mahali pa kujenga nyumba na mahali pa kulima, yalitekelezwa wakati ambapo wilaya hazikuwa na chombo cha kuchaguliwa chenye mamlaka ya kusema subirini. Sisemi kwamba halmashauri zingezuia. Chama kilikuwa kimoja na madiwani walikuwa wanachama wake. Lakini pangekuwapo kikao, muhtasari, na diwani wa kuulizwa na watu wake aliposimama upande gani.

Mwalimu mwenyewe, alipozungumza mwaka 1984 juu ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya, alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ninaiheshimu kauli hiyo kwa sababu aliitoa akiwa bado madarakani.

Mjukuu wa Usangi ameandika:

Ninawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Fumbo la mwaka 1968 limefumbuka, na kwa mara ya kwanza ninaelewa kwa nini bibi alikuwa akisimulia juu ya wanawake kuteremka barabarani, jambo ambalo sisi watoto tulidhani ni hadithi ya vita. Limebaki swali la mwendelezo na la kumbukumbu. Je, Halmashauri ya Wilaya ya Mwanga inaweza kusema kwamba ilirithi ile ya Pare?

Mtunza Nyaraka amejibu:

Ndugu Mjukuu, kisheria jibu ni hapana, ingawa kwa watu na kwa ardhi ni ndiyo. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, baada ya huduma za miji kuzorota vibaya. Za wilaya zilisubiri Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, uchaguzi wa madiwani ukafanyika mwaka 1983, na zikaanza kazi mwaka 1984; muda mfupi baadaye serikali za mitaa zikaingizwa katika Katiba, ibara za 145 na 146, ili zisiweze kuondolewa kwa wepesi ule wa awali. Kwa hiyo hizi ni mamlaka mpya zilizoundwa kwa sheria mpya, na majengo na watumishi zilivipokea kutoka Serikali Kuu, si kutoka kwa halmashauri iliyofutwa miaka kumi na miwili kabla. Katikati ya hapo Wilaya ya Pare ilikuwa imegawanywa, upande wa kaskazini wenye Usangi na Ugweno ukawa Mwanga na upande wa kusini ukabaki Same. Ndiyo maana haikuwezekana irudi ilivyokuwa. Kilichorudi pamoja nazo ni kodi ya kichwa kwa jina la kodi ya maendeleo, ambayo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kama katika bahasha kuna stakabadhi za miaka ya 1980 na 1990 za baba yako, zitenge, kwa kuwa ni za mamlaka nyingine.

Kwenye kumbukumbu, nianze na jambo linalowapotezea watafiti muda mwingi. Mkoa wa Kilimanjaro wenye Upare ndani yake ni mpangilio wa baada ya Uhuru. Wakati wa Waingereza, Wilaya ya Pare ilikuwa katika Jimbo la Tanga. Anayetafuta barua za Bwana Shauri wa Same kwa Mkuu wa Jimbo, zikiwamo zile za wakati wa mgogoro wa mbiru, akienda moja kwa moja kwenye majalada ya Moshi au Arusha ataondoka mikono mitupu. Anapaswa kuomba majalada ya Tanga.

Sehemu ya kuanzia ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoko Upanga, Dar es Salaam. Omba mambo mawili kwanza: Kitabu cha Wilaya cha Pare, ambamo maofisa wa kikoloni waliandika habari za koo, machifu, kodi na mipaka, na ambacho husomwa kwa mikrofilamu, na orodha ya majalada ya wilaya na ya jimbo. Kitabu kile kisome kwa tahadhari, kwa sababu aliyeandika alikuwa ndiye mtawala, na habari za ukoo mara nyingi alizipata kwa chifu aliyekuwa na maslahi katika jibu.

Mihtasari ya halmashauri ya miaka ya 1962 hadi 1972 ni kazi ngumu zaidi. Kwa kuwa makabidhiano yalikuwa kama alivyoeleza mzee Karani, majalada mengi yalibaki katika makabati yale yale, kwenye ofisi zilizobadilishwa majina, na yaliyonusurika yanategemea mtu mmoja mmoja aliyeona hayafai kuchomwa. Ulizia masjala ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Same kabla ya ile ya halmashauri, kwa sababu mwaka 1972 karatasi zilihamia upande wa Serikali Kuu na si zote zilizorudi mwaka 1984. Usidharau pia vitabu vya wageni na vya matukio vya shule za msingi za zamani. Mwalimu mkuu aliandika kila ziara ya diwani na kila fedha iliyotoka halmashauri, na baadhi ya shule za Usangi ni kongwe kuliko halmashauri yenyewe.

Unapopiga picha stakabadhi za babu, piga na upande wa nyuma, kwa maana makarani waliandika huko jina la kijumbe au la mtaa, na hilo huwa halimo popote kwenye daftari la wilaya. Kabla ya kufunga safari ya Dar es Salaam, andika barua kwa Idara ukieleza unachotafuta na miaka yake, na uulize masharti ya kibali cha kusoma. Ukifika ukiwa na namba za majalada mkononi utafanya kwa siku moja kazi ambayo wengine huifanya kwa wiki.

Karani Mstaafu amejibu:

Ninaongeza moja tu kwa Mtunza Nyaraka. Nakala za mihtasari zilipelekwa pia kwa kila diwani, zilizochapwa kwa karatasi nyembamba na kufungwa kwa kamba ya jalada. Tafuta, mjukuu wangu, ni nani walikuwa madiwani wa Usangi na Ugweno katika miaka ile, na uende kwa adabu kwa watoto wao. Katika wilaya niliyofanya kazi, seti kamili kuliko iliyokuwa ofisini niliiona nyumbani kwa diwani mmoja, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati.